Shangazi, mwenyeji wetu wa misheni tulimwachia deni, na mwaka huu tunarudi kwake

Shikamoo Shangazi, Bwana asifiwe.

Naomba jina langu ulifiche. Mi ni binti wa miaka 27, naishi Mbeya mjini, nafanya kazi ya keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kanisani kwetu ndo mweka hazina wa idara ya vijana. Hapa ninapoandika ni saa saba usiku, usingizi umegoma wiki ya pili sasa.

Mwaka jana vijana wa kanisa tulienda misheni Malawi, upande wa Karonga. Si mbali, ukishavuka Kasumulu pale daraja la Songwe ni kama saa moja hivi unafika Karonga mjini, afu sisi tukakata kuingia vijijini huko kando ya ziwa. Tulikuwa 18 kwenye kosta moja, tukaondoka tarehe 26 Desemba tukarudi tarehe 4 Januari maana ndo kipindi watu wengi wanakuwa likizo. Tukagawanywa kwenye nyumba za washirika, mi na mabinti wenzangu watatu tukapelekwa kwa mama mmoja mjane ana watoto wanne, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Shangazi yule mama alitupa chumba chake na kitanda chake, yeye na watoto wakawa wanalala jikoni kwenye mkeka, na kule Desemba ni joto na mbu si wa kawaida. Siku ya kwanza akachinja kuku, ya pili akachinja kuku, ya tatu usipa, vile visamaki vya ziwani, na nsima, ugali wa kule, na kila tukitaka kuosha hata sahani ananyang'anya anasema wageni hawashiki vyombo.

Sasa mi ni Mnyakyusa, ila wa mjini, Kinyakyusa changu cha kubabaisha, nikiongea watu wanacheka. Yeye anaongea Kingonde ambacho ni kitu kilekile karibu, ila akadhani mimi sielewi. Usiku wa nne nimetoka kwenda chooni nikamsikia jikoni anaongea na jirani yake kwa sauti ya chini, anasema unga ukiisha kesho nitawapa nini hawa watoto wa watu, wakirudi kwao na njaa tutaonekanaje. Nilirudi kitandani nikajifunika shuka mpaka kichwani. Asubuhi chai ipo mezani, na mihogo, na mama anacheka kama kawaida. Na mi nikala, Shangazi, nikala na sikumwambia mtu yeyote.

Tuliporudi nikawa nachati na binti yake mkubwa, nimwite Grace, yuko sekondari. Kidogo kidogo akanifungukia. Kumbe mama yake alikopa gunia la mahindi na hela ya sukari na mafuta kwa mtu, ule mkopo wa riba wao wanaita katapila, wa kulipa zaidi ya alichochukua. Grace mwenyewe akachelewa kurudi shule wiki tatu kwa sababu ya ada. Hakunilalamikia, alikuwa anahadithia tu kama anavyohadithia mvua. Na kingine alichoniambia, mpaka leo sijui nicheke au nilie: kwenye ripoti yetu tuliandika watu 63 walimpokea Yesu kwenye mkutano wa injili, Grace anasema wengi wa wale waliosimama mbele ni wanakwaya wa palepale, walisimama ili tusiaibike.

Nikashindwa kuvumilia. Mwezi wa tano nikachukua 120,000 kwenye mfuko wa misheni, nikampa dada mmoja anayefanya biashara Kasumulu na ana watu wake ng'ambo, ikamfikia Grace akampa mama yake. Sikumwambia mtu. Nilijisemea ni hela ya misheni na imeenda kwenye misheni, lakini kwenye daftari nimeiandika "mengineyo" na kila nikilifungua lile daftari moyo unaruka.

Mwaka huu tunarudi kijiji kilekile, tarehe zilezile, watu 18 walewale au zaidi. Nikajikaza kwenye kikao nikasema, bila kumtaja mtu, kwamba labda tunawachosha wenyeji tuongeze hela ya chakula. Kiongozi wetu wa msafara akasema mbele ya wote, "mweka hazina, usiwanyime watu baraka zao, kumbuka mjane wa Sarepta", watu wakasema amina, ikaisha hivo. Mwaka jana tulitumia jumla 6,850,000. Kosta na mafuta 3,200,000, vyombo vya muziki na jenereta 1,100,000, mtu wa video 600,000, fulana mbili mbili kila mtu 540,000, wenyeji tuliwapa 400,000 tena kwa bahasha siku ya mwisho wakati wa kuagana, nasikia ilienda kwenye mabati ya kanisa lao. Iliyobaki ni vitu vya mpakani na dharura.

Kila mtu ana lengo la kuchangisha 450,000 na mimi langu nimeshafikisha, bosi wangu katoa laki moja, babamdogo, wafanyakazi wenzangu, hadi bibi yangu katoa elfu kumi ya parachichi zake. Nataka kujitoa. Naogopa wataniita Yona anayekimbia Ninawi, na naogopa waliochangia watasema nimewala hela. Kikao kingine ni Jumamosi ijayo. Na je ile 120,000 niiseme au ninyamaze nirudishe kimyakimya? Skrinishoti za Grace ninazo, nikizirusha kwenye grupu kila mtu atanyamaza, lakini mkono unasita.

Nisaidie Shangazi wangu.

Binti wa Mbeya

---

Marahaba mwanangu, Bwana asifiwe sana.

Nianze na huo mkono unaosita, uache usite hivyohivyo. Skrinishoti usizirushe popote, si kwenye grupu, si kwa kiongozi, hata rafiki yako wa chumba kimoja usimwonyeshe. Yule mama alilala kwenye mkeka, akakopa katapila, akacheka asubuhi akiweka mihogo mezani, vyote hivyo ili nyie msijue. Hicho ndicho alichokinunua kwa lile deni, kwamba wageni wake waondoke hawajui. Wewe ukirusha skrinishoti watu 18 watajua, na Wanyakyusa na Wangonde ni ndugu walewale, wanaoana, wanazikana, haitapita wiki neno litakuwa limevuka Songwe limemkuta pale kwao, sasa hapo deni litakuwa limelipwa na aibu imebaki. Na Grace alikuambia wewe kama dada yake. Hakupeleka malalamiko kwa kamati.

Sasa hiyo 120,000. Najua unataka nikuambie ulifanya vizuri. Moyo ulifanya vizuri, mkono ukafanya vibaya. Hiyo hela walitoa watu kwa ajili ya safari, wewe ulikuwa mshika mfuko, na mshika mfuko hana ruhusa ya kuwa na huruma kwa hela za wengine bila kuwauliza. Neno "mengineyo" ndo linalokunyima usingizi wala si lile deni, maana deni ulishalisaidia kulipa. Kwaiyo irudishe kwenye mfuko kutoka mshahara wako kabla ya Jumamosi, yote, hata kama ni kwa kukopa kwa dada yako kusikokuwa na riba, halafu Jumamosi iseme mwenyewe. Usirudishe kimyakimya. Mweka hazina anayerudisha kimyakimya siku ikijulikana anaonekana mwizi aliyeshtuka. Sema hivi: mwezi wa tano nilitoa 120,000 kumsaidia mmoja wa wenyeji wetu aliyekuwa na shida, sikuomba ruhusa, nilikosea, hela nimerudisha na hii hapa imeandikwa. Wakikuuliza ni nani sema sitamtaja. Wakikuvua uweka hazina, wakuvue. Lakini sidhani, maana kazi hiyo kanisani nani anaigombania?

Haya tuje kwenye jambo lenyewe. Mi nimeolewa Tukuyu na mume wangu alikuwa mwinjilisti, kwaiyo nimekuwa upande wa jikoni wa hizi misheni miaka mingi kabla wewe hujazaliwa. Siku hizi nasikia watu wanazilalamikia kwa sababu ya Wazungu na kamera zao, mimi nacheka, maana vijana wetu wenyewe wakivuka mpaka mmoja tu wanakuwa Wazungu kamili, fulana zinafanana na mtu wa video anatangulia mbele.

Mwaka mmoja tulipokea wageni sita kutoka Ulaya, wiki mbili, mwezi wa saba. Tukuyu mwezi wa saba unaijua, baridi ya kuuma mifupa na ukungu mpaka saa nne. Walikuwa watu wema kabisa, wanaimba, wanacheza na watoto, walituletea sanduku la nguo. Ila walioga maji ya moto asubuhi na jioni, sita mara mbili ni ndoo kumi na mbili kwa siku, na ya kunywa yachemshwe yapoe yachujwe. Gunia la mkaa ambalo mimi nilikuwa nalitumia mwezi mzima liliisha siku ya sita. Nikanunua la pili kwa hela ya mbolea. Mume wangu aliniuliza mbona umenuna, nikamwambia sijanuna, nimechoka tu. Ningesema nini? Mgeni njoo mwenyeji apone, si ndo tunavyosema?

Katikati ya hao sita alikuwepo mama mmoja mtu mzima, kwao alikuwa mpishi wa shule. Siku ya tatu akaja jikoni, akavuta kigoda, akachukua ndizi akaanza kumenya, vibaya mno, anakata na nyama yote, nikamwacha. Akaangalia jiko, akaangalia lile gunia lililolegea, akamwambia mkalimani amuulize mama mkaa anaununua shilingi ngapi. Ndo hivo tu. Katika wiki mbili zile watu walinishukuru kila siku, walinikumbatia, walinipiga picha nimeshika mwiko, na aliyeuliza bei ya mkaa ni mmoja. Kesho yake wakawa wanaoga mara moja, na gunia la tatu walinunua wao. Hawakunipa pole wala hotuba. Jina lake nalikumbuka mpaka leo, wale wengine watano nimewasahau.

Kwaiyo binti yangu, usijitoe. We ndo uliyesikia jikoni, na we ndo mwenye daftari. Ukijitoa wewe watabaki wale waliosema amina.

Hebu tupige hesabu ambayo Jumamosi utaipiga mbele yao, ni hesabu ya keshia haihitaji upako. Watu 18 kwa siku 9 za kula ni siku-mtu 162. Laki nne ukiigawanya hapo ni shilingi 2,469 kwa mtu kwa siku. Milo mitatu, sahani moja inakuja kama shilingi 823. Hapo sijaweka sabuni, kuni, mafuta ya taa, maji, na kuchaji simu kumi na nane. Waulize ni wapi Mbeya wanakula sahani ya wali kuku kwa shilingi 823 watupeleke wote. Fulana peke yake zimeipita hela ya chakula cha wenyeji kwa 140,000, hebu fikiria, mlivaa kuliko mlivyolisha. Tena hata hiyo 823 haikufika jikoni, ilienda kwenye mabati, na ilitolewa siku ya mwisho wakati unga uliisha siku ya tano. Bahasha ya kuagana hainunui mahindi ya wiki iliyopita.

Hela ya mwenyeji inatakiwa ifike kabla ya mgeni, wiki moja au mbili kabla, na ifike kwa mama wa nyumba. Sadaka ya kanisa ni bahasha nyingine, msichanganye. Na ibadilisheni iwe kwacha kabisa, kwa njia halali, msimwachie mama noti za kwetu aanze kuhangaika nazo. Kumbuka pia hao wenzetu kwacha yao ilishushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023, kwa mkupuo, mdogo wangu ana genge Kasumulu aliona watu waliokuwa wanavuka kununua katoni ya sabuni wakaanza kununua mche mmoja. Afu Machi 2024 serikali yao ikatangaza hali ya maafa kwa ajili ya ukame kwenye wilaya 23 kati ya 28. Nyie mkaenda na kinanda.

Na Desemba. Hapa ndo nakasirika kidogo unisamehe. Nani alichagua Desemba? Nyie mna likizo, ndiyo. Lakini we ni mtoto wa Mnyakyusa, muulize bibi yako wa parachichi, Desemba na Januari ghalani kuna nini? Kule mahindi wanavuna kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita, na ikifika Novemba mpaka Machi ndo miezi ya njaa, kilichovunwa kimeisha na kilichopandwa bado kijani. Na ndo miezi ya palizi. Yaani mlimkuta mama ghala tupu na shamba lina majani, mkamkalisha jikoni siku tisa. Deni alilokopa mnaliona, lakini na shamba lake ambalo halikupaliliwa wiki ile na nusu mnalijua? Grace hakukuambia kwa sababu hata yeye haoni kama ni habari.

Kwaiyo cha kwanza mpambanie tarehe. Mwezi wa saba au wa nane, mavuno yameingia, barabara kavu, hata mkutano wenu wa injili utakuwa na watu ambao hawana haraka ya kurudi shambani. Watasema likizo zao ni Desemba. Sawa, kama Desemba haihamishiki basi jembe libebwe. Si tuna msemo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Watu huwa wanausema kwa kejeli kumfukuza mgeni mvivu, mimi nausema kama ratiba. Siku mbili mkaribishwe, mle kuku kama lazima, siku ya tatu asubuhi saa kumi na mbili vijana 18 wa Mbeya wawe kwenye shamba la mjane wanapalilia mpaka saa nne jua likichoma, kesho yake shamba la jirani yake. Mkutano jioni. Vijana wengi mmekulia kijijini kabla ya hizo fulana, jembe mnalijua, na hilo ni jambo mnaloweza kufanya vizuri kuliko mtu aliyetoka Ulaya na visa ya mwezi mmoja. Na mkalime kimyakimya, yule wa video naye aache kamera ashike jembe lake.

Tena kwa nini watu 18? Nasema hivi kwa kuwa najua jibu, ni kwa sababu kosta ina viti vya kutosha. Nendeni 8, wawili wawili kwa nyumba, na mama abaki na chumba chake. Hela ya wale 10 waliobaki itabeba mengi. Wenye uwezo wa kuimba wasichukie, kwaya pale ipo, na nzuri tu, si ndo hao waliosimama mbele kuwaokoa na aibu? Hapo nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Hawa watu si wageni wa injili. Dk Robert Laws, yule Mskoti, alifika kwenye ziwa lile mwaka 1875 na akaondoka 1927, alikaa miaka 52, na ile misheni ya Livingstonia pale Khondowe juu ya mlima ipo tangu 1894. Huku kwetu Wamoraviani wamefika Rungwe 1891. Yaani wenzenu wana injili ya muda mrefu kuliko nyie, babu zao walikuwa wazee wa kanisa, na nyie mnakuja na jenereta siku tisa mnaandika 63 wameokoka. Ripoti ya mwaka huu iandike mmefanya nini na nani, namba muiache. Na kuhusu lile ziwa, mkiwa kule msianze ubishi wa linaitwa Nyasa au Malawi, kuna vijana hawawezi kuzuia midomo yao.

Kwa mjane wa Sarepta sasa, maana kiongozi wenu amekunyamazisha kwa andiko na utahitaji andiko kujibu. Mwambie kwa heshima, mtumishi, 1 Wafalme 17 tuisome yote. Eliya alimwomba yule mjane mkate kwanza kwenye unga wake wa mwisho, kweli, lakini Eliya alikaa. Alikaa kwenye nyumba ile, unga haukupungua na mafuta hayakuisha, na mtoto alipougua mpaka akafa Eliya alikuwepo palepale, akambeba mwenyewe. Sisi unga uliisha tukiwa mezani, na tarehe 4 tukapanda kosta. Kama hilo haliingii, mpeleke 2 Wathesalonike 3:8, Paulo anasema hakula chakula kwa mtu bure, alifanya kazi usiku na mchana asije akawalemea. Na usiongee ukilia, ukilia watasema dada ana stresi wamwombee.

Ila usimfanye kiongozi wako adui. Inawezekana kabisa hajui, alilala kwa mchungaji, na kwa mchungaji wageni huwa wanaletewa vyakula na washirika wote. Mfuate kabla ya kikao, Ijumaa jioni, wewe na mama mchungaji au mtu mzima mmoja, umweleze ile 120,000 na hesabu ya sahani. Mtu akishtukizwa hadharani anajitetea, akiambiwa pembeni anaweza hata kuja kulisema mwenyewe kikaoni kama wazo lake, na wewe muache aliseme, unataka nini zaidi, sifa?

Waliochangia. Kama unaenda, na mpango umebadilika, watumie meseji fupi kila mmoja, babamdogo, safari ipo, mwaka huu watu watapungua na hela kubwa itaenda kwa chakula cha wenyeji na palizi, kama hujaridhika niambie nikurudishie. Hakuna atakayedai, labda bosi wako kwa utani. Ikitokea kamati imekataa kila kitu, tarehe ni zilezile, watu ni walewale na laki nne ya bahasha ni ileile, hapo ndo ujitoe, na hapo hela ya kila mtu uirudishe kwa mkono wako pamoja na ile elfu kumi ya bibi. Usiigeuze kuwa msaada kwa mama wa Karonga bila wao kukubali, tusirudi kwenye "mengineyo". Na hayo mambo ya Yona yasikutishe, Yona alikuwa hawapendi watu wa Ninawi, ndo shida yake.

Kuna jambo sijakuambia bado, na ni gumu kuliko kikao. Kuna mtu mmoja hajaulizwa kitu mpaka sasa, ni mama mwenyewe. Mmeulizana nyie, mmemuuliza mchungaji wao, mchungaji kasema karibuni sana, nani angesema msije? Mpigie simu. Usipitie kwa Grace, na usigusie deni hata kwa mbali. Anza na huo Kinyakyusa chako kibovu, mugonile mama, acha acheke, muulize habari za mvua na shamba. Akishazoea sauti mwambie mama, mwaka huu nikija nataka nilale jikoni na wewe, na nije na jembe, na chakula cha wageni kimeshalipiwa na kanisa letu ni utaratibu mpya wa kwetu kwa nyumba zote. Hilo la "nyumba zote" ni muhimu, litamwondolea hisia kwamba kuna mtu ametaja kwake. Akikataa jembe usibishane kwenye simu, sisi wamama tunakataa mara mbili. Afu muulize yeye angependa mje mwezi gani. Atasema wowote tu mwanangu. Nyamaza kidogo usikate simu.

Na mchele wa Kyela msibebe magunia mkadhani mnawaletea kitu cha ajabu. Karonga wanalima mchele wanaouita Kilombero, jina la huku kwetu kabisa, na unanukia. Tena 2025 hizi nchi mbili zilizuiliana mazao mpakani, na hata baada ya kuachiana sitaki msikie kosta ya misheni imekaa Kasumulu siku nzima kwa ajili ya gunia. Bebeni hela mkanunue palepale kwao, kwa mtu wa palepale. Kama ni lazima mkono usiwe mtupu, mletee mama khanga moja nzuri, na chandarua cha kule jikoni.

Niandikie Jumapili jioni uniambie kikao kimeendaje. Na mama akitaja mwezi, niambie ni upi.

Shangazi